Fungu Lililolia

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana nitarudia kwa kifupi, maana aibu haistahili kusimuliwa mara mbili kwa urefu.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, babu wa wajukuu wanaosimama ninapoingia chumbani, na mgawaji wa mkaa wa kikundi chetu. Kikundi chenyewe ni cha majirani wenye ugonjwa mmoja: kuchoma nyama uani siku za mapumziko. Tulichoshwa na mkaa wa mifuko, ambao nusu yake huwa chenga na vumbi, tukaanza kuagiza lori zima kwa pamoja na kugawana.

Hatugawani kwa mizani. Mkaa ulionyeshewa huwa mzito, na hakuna anayetaka kubeba maji nyumbani akidhani amebeba moto. Sisi tunagawa kwa mgongo.

Lori likishamwaga, mkaa hupangwa mafungu yanayolingana kwa debe. Mgawaji huyapa mafungu mgongo. Mtu mwingine hupita na beleshi, akaligonga fungu moja na kuuliza, "Hili la nani?" Mgawaji, asiyeona kitu, hutaja mtu. Akishatajwa, fungu ni lake, liwe jema au liwe baya.

Mwenye beleshi ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Mwenye mgongo ni mimi.

Nimekwisha kukiri katika gazeti hili kwamba mgongo wangu ulikuwa mwaminifu, ila masikio hayakuwa. Mkaa wa mti mgumu ukiguswa na chuma hulia kama sahani ya udongo. Mkaa mwepesi husema "pu", basi. Kwa miaka mingi sikuisikia tofauti hiyo, kwa kuwa masikio yangu yalizeeka kabla yangu. Kisha mkwe wangu akanipeleka kimya kimya kupimwa, nikapewa kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Nilimwapisha asimwambie mtu, hata mkewe. Nikanunua kofia ya sufu ya kukifunika.

Mgao uliofuata, beleshi likagonga, fungu likalia, na ulimi wangu ukanitaja mimi mwenyewe kabla sijauzuia.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa anakuja na wenzake wa chuo, nami nilitaka aseme mbele yao kwamba kwa babu moto hauna moshi. Alisema. Mgao wa pili sikuwa na mgeni yeyote, na bado nikajitaja. Wa tatu pia.

Wiki jana niliishia pale Nesi, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliposimama langoni kwangu na karai la mkaa ulioungua nusu. Alinipigia kelele, kama wote wanavyonipigia, "Mwalimu! Kesho tunakutana kwa Mwenyekiti! Kuna mwizi kwenye kikundi, na mimi ninamjua!"

Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba mwizi huyo ni mimi.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukiri. Niliyapanga kama nilivyokuwa nikizipanga hotuba za kufunga shule: utangulizi, kiini, hitimisho. Nilijiambia kwamba mtu akianguka, na aanguke kwa sarufi sahihi.

Uani kwa Mwenyekiti viti vilikuwa vimezunguka jiko lake la pipa lililopasuliwa katikati. Siku hiyo halikuwashwa. Fundi Cherehani, mcheshi wetu, alinipokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu! Kofia ya sufu na jua hili? Ubongo ukiiva tutaukatia ndimu!"

Watu wakacheka. Nikatabasamu kama mtu aliyesikia nusu, kama nilivyozoea kutabasamu.

Nesi hakucheka. Aliliweka lile karai juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Tazameni. Huu ndio mkaa wangu. Niliwaalika wenzangu wa wodini waje kuniaga, maana nastaafu. Nimewasimulia moto wangu mwaka mzima. Nikawasha. Moshi! Cheche! Daktari wetu mkuu amevaa shati jeupe, limetoboka kama kichujio. Kuku nje mweusi, ndani mbichi. Watu wameniaga kwa mkate na soda."

"Pole, mama," alisema Mwenyekiti.

"Pole sitaki. Mara tatu mfululizo nimepata chenga. Na mara tatu mfululizo kuna nyumba moja inayopata mkaa wa kung'aa. Sote tunaijua."

Nikashika mikono ya kiti nisimame.

"Na aliyefanya hivyo," Nesi akaendelea, "ni huyu hapa."

Kidole chake kilinipita. Kilikuwa kimemwelekea mkwe wangu.

"Mimi?" mkwe wangu aliuliza.

"Wewe. Kwa nini unagonga? Kuuliza 'hili la nani' hakutoshi? Fungu zuri unaligonga kwa nguvu, baya unaligonga kwa upole. Unampa baba mkwe wako ishara. Mzee wa watu hata hajui kama anatumiwa."

"Mama, nagonga kwa sababu Mwalimu hasikii. Nyote mnajua. Nikiuliza tu hajibu. Nikigonga anashtuka, anajua nimefika fungu jingine."

"Hata mimi ukinigonga na beleshi nitashtuka," Fundi akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa amekunja uso.

Lazima niwaeleze juu ya Mwenyekiti. Yeye ni meneja wa ghala la nafaka, na mkwe wangu ni karani wake wa mizani. Wakulima huleta magunia yao, mkwe wangu husoma mizani, na anachokisoma ndicho kinachoandikwa. Kazi hiyo haina cheti kikubwa. Ina jina tu. Jina likichafuka, kazi imekwisha.

"Kijana," Mwenyekiti alisema taratibu, "wewe unasoma mizani kwangu. Wale wakulima wanakuamini kwa sababu mimi nakuamini. Nikisikia unachezea mafungu ya majirani, kesho nikikuweka pale nitawatazamaje?"

"Sijachezea, bosi."

"Basi nieleze. Kwa nini fungu bora linakwenda kwa mkweo kila mgao?"

Mkwe wangu alilitazama lile karai. Hakunitazama. Ningependa kusema kwamba alinitazama, maana ingekuwa rahisi kumlaumu.

Hapo ndipo nikasimama.

"Ndugu majirani," nilianza. "Nimefundisha watoto wenu na baadhi yenu. Sijawahi kufumbia macho udanganyifu, hata wa nukta. Mtu anayekabidhiwa dhamana na jirani zake, akaigeuza kuwa kitoweo chake, hastahili kuketi nao penye kivuli."

Utangulizi ulikuwa umekaa vizuri. Nikaingia kwenye kiini.

"Wala sijali mtu huyo ni nani. Awe anakula mezani pangu. Awe ni wa nyumba yangu mwenyewe. Haki haina shemeji wala mkwe."

Nilinyamaza kidogo kuvuta pumzi. Hitimisho lilikuwa maneno matano: "Na mtu huyo ni mimi." Nilikuwa nimeyapangia kituo kirefu kabla yake, ili yawe na uzito.

Katika kituo hicho Fundi akapiga makofi.

Wengine wakamfuata. Nesi alikuwa anapangusa macho. "Mungu akuzidishie umri, Mwalimu," akanipigia kelele. "Kumkana mkweo mbele za watu si mchezo!" Mwenyekiti akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniketisha kama mtu anayemketisha bibi harusi.

Sikuweza kuendelea.

Hapana. Niandike ukweli, maana kwa ajili hiyo ninaandika. Niliweza. Sikuendelea.

Mkwe wangu alinitazama sasa. Alinitazama kama mtu aliyeshushwa njiani na gari la baba yake.

"Chai kwanza," mke wa Mwenyekiti akasema, "hasira zishuke."

Nilimfuata mkwe wangu nyuma ya jiko, penye bomba. Alikuwa ananawa mikono isiyokuwa na uchafu.

"Mwanangu," nilianza.

"Kofia imepanda, Baba." Akaishusha kwa vidole vilivyolowa, akaikalisha vizuri juu ya sikio langu la kulia. "Sasa haionekani."

Maji yalichirizika shingoni mwangu. Nikasimama pale kama mtoto aliyefutwa kamasi.

"Ulijua?"

"Mgao wa pili. Fungu lilipolia, hukungoja hata nimalize kuuliza."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini, Baba? Nimwambie mke wangu kwamba baba yako anaiba mkaa? Wewe uliyemrudisha mjukuu sokoni kwa sababu alizidishiwa chungwa?"

Nikajifuta maji shingoni.

"Nilijaribu," akaendelea kwa sauti ya chini. "Mgao wa tatu niligonga polepole, mafungu yote, ili usisikie. Ukasikia tu."

"Kifaa ni kizuri," nikasema. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Kizuri sana. Mimi ndiye niliyekichagua."

Kama angenitukana ningepata nafuu. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nitasema, mwanangu. Tukirudi tu."

"Sawa, Baba. Ila usiseme kwa hotuba."

Akaenda kuzunguka nyumba, apate kuwa peke yake kidogo. Mimi nikarudi uani na kuketi pale nilipoketishwa. Nyuma ya kiti changu Mwenyekiti na Nesi walikuwa wanamimina chai. Hawakushusha sauti. Nani hushusha sauti mbele ya mlango uliofungwa?

"Namwonea huruma huyu mzee," alisema Nesi. "Ametumiwa kama kijiti cha kuchokonolea meno."

"Tutampa mtu mwingine wa beleshi. Yeye abaki. Mgongo kama ule tutaupata wapi?"

"Kweli. Unamkumbuka yule dereva aliyekuwa mgawaji wa kwanza? Masikio ya sungura! Ameyapa mafungu mgongo, lakini mkaa ukilia tu: 'Langu hilo!'"

"Ndiyo maana tukatafuta kiziwi," Mwenyekiti akasema.

Kikombe changu kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kikasimama.

"Lakini tulimwambia ni kwa uadilifu wake," Nesi alisema.

"Ungemwambiaje? 'Mwalimu, tumekuchagua kwa sababu husikii'? Angetupigisha magoti wote."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka juu ya mzee wanayempenda, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Wasomaji wangu, siku ile ya kuchaguliwa nilitoa hotuba ndefu ya shukrani kuhusu maisha yaliyonyooka. Niliwaeleza kwamba uadilifu hauna likizo. Walisikiliza mpaka mwisho, wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia kila mjukuu. Kumbe walikuwa hawajamchagua mtu mwadilifu. Walichagua masikio mabovu, na hata hayo sikuwa nayo tena.

Kwa hiyo nilikuwa nimewaibia mara mbili: mkaa wao na uziwi wao.

Geti liligongwa kwa kishindo. Binti yangu aliingia kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima moto. Yeye ni msusi, na alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kitana kimechomekwa kichwani mwake, amekisahau.

"Nani amemwita mume wangu mwizi?"

"Kaa kwanza, mwanangu," Nesi alisema.

"Sikai. Mnamhukumu mtu ambaye hata ndoto zake ananihadithia bila kuongeza chumvi? Baba!" Akanigeukia, akapaza sauti mpaka mbwa wa jirani akajibu. "BABA! WEWE UNAMJUA HUYU! SEMA NENO!"

"Baba yako amekwisha kusema," Fundi alimwambia kwa upole. "Amesema maneno mazuri sana."

"Amesema nini?"

Hakuna aliyetaka kumrudia. Mkwe wangu alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba. Binti yangu alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, na nikaona anaanza kuelewa kitu kisichokuwa kweli.

Mwenyekiti akasimama.

"Sipendi kurefusha. Kijana, sikufukuzi, kwa heshima ya Mwalimu. Lakini kuanzia kesho utapakia magunia pamoja na wapagazi. Mizani ataishika mtu mwingine."

"Sawa, bosi," mkwe wangu alisema.

Alilisema neno hilo kwa unyonge ambao sijausikia kwa mwanafunzi yeyote niliyemwadhibu kwa kosa la mwenzake. Na wapo niliowaadhibu hivyo.

Nikasimama. Sikuwaita ndugu majirani. Nikavua kofia.

"Nasikia," nikasema.

"Nini, Mwalimu?" Mwenyekiti akauliza kwa kelele.

"Usipaze sauti. Nasikia vizuri. Nina kifaa. Fungu likilia nalisikia, na nikilisikia najitaja mwenyewe. Nimefanya hivyo kila mgao tangu nikipate. Huyu hakunipa ishara yoyote. Mwizi ni mimi."

Hakukuwa na makofi.

Walitazama sikio langu kama watu wanaotazama ufa uliotokea ukutani. Binti yangu aliketi bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwapo.

Fundi ndiye aliyezinduka wa kwanza.

"Mwalimu, kwa hiyo yale niliyokuwa nikisema juu ya mama mkwe wangu, pale kwako, ulikuwa unayasikia?"

"Nilikuwa nayasikia."

"Yote?"

"Yote."

Akashika kichwa. Nesi naye alikuwa ameweka birika chini.

"Na sasa hivi? Tulipokuwa tunamimina chai?"

"Pia."

Uso wake ulibadilika. Tulitazamana, mimi na yule mama niliyemharibia siku ya kuagwa, na kwa mara ya kwanza sote wawili tulikuwa na aibu. Yake ilikuwa ndogo. Nilitamani tubadilishane.

Mwenyekiti alikohoa. Ni mtu wa haki. Akishaona kosa lake halizunguki. Alimwendea mkwe wangu mbele yetu sote, mkono umenyooshwa.

"Kijana, nimekukosea. Mizani ni yako. Nisa—"

"Ngoja kwanza," alisema Nesi.

Alikuwa amenisogelea. Aliinamisha kichwa changu pembeni kwa vidole viwili, kama alivyowafanyia wagonjwa maisha yake yote, bila kuomba ruhusa.

"Hiki hakiuzwi dukani," akasema. "Hivi hutolewa hospitali. Nimekaa kitengo cha masikio. Mtu wa umri wako hawampi mpaka aje na mtu wake, afundishwe kukivalisha na kukifungua sauti." Akaachia kichwa changu. "Mwalimu, nani alikusindikiza?"

Mkono wa Mwenyekiti ulisimama hewani.

Niliona jambo ambalo katika upangaji wangu wote wa maneno sikuliona. Nikimtaja mkwe wangu, watajua kwamba siku zote alijua nasikia, na kwamba kwa kujua huko aliendelea kugonga. Nikimtaja mwingine, nitakuwa nimetoka kukiri wizi na kuingia uongo kabla kofia haijapoa mkononi.

Binti yangu alikuwa amesimama tena. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama chini.

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo hajapata kuitumia kwangu, "umeulizwa. Nani alikupeleka?"

Nililisikia kila neno. Nilisikia hata kitana kilipodondoka kutoka kwenye nywele za binti yangu na kugonga sakafu ya ua.

Nikainua kiganja, nikakikinga nyuma ya sikio, juu ya kile kile kifaa walichokuwa wanakitazama wote.

"Unasemaje?" nikauliza.